Bartolo wa Sassoferrato: mwanasheria aliyepima mto kwa bikari

Mwaka 1355 Bartolo wa Sassoferrato alikwenda kupumzika kwenye nyumba ya shamba karibu na Perugia, Italia, mahali panapoonekana mto Tiber. Alikuwa mwalimu wa sheria mwenye sifa kubwa. Lakini kila alipoutazama mto ukijipinda, ukimega shamba la huyu na kumwachia udongo yule, maswali ya kisheria yalimjia, na mapumziko yakageuka kazi. Ndipo ikapatikana risala yake ya mito, Tyberiadis.

Sheria ya Kirumi, iliyokusanywa na Kaisari Justinian katika karne ya 6, ilikuwa na jibu la jumla. Udongo unaoongezeka kidogokidogo, bila mtu kuona umeongezeka lini, ni wa mwenye shamba la ukingoni. Kisiwa kikizuka katikati ya mto, wenye mashamba ya kingo zote mbili wanagawana. Kikiegemea upande mmoja, ni cha upande huo. Kwenye kitabu hayo yanasomeka vizuri. Sasa nenda mtoni: ukingo umepinda, katikati ni wapi? Mashamba matatu yamepakana na udongo mpya, mipaka yake iendelezwe vipi?

Bartolo anasimulia katika utangulizi kwamba alitokewa usingizini na mtu aliyemletea kalamu, rula na bikari, akamwambia achore. Ukiamini ndoto hiyo au usiiamini, michoro ipo. Alimshirikisha pia Guido wa Perugia, mtawa aliyejua jiometri. Kanuni aliyoishika ni ukaribu: kila kipande cha ardhi mpya kinafuata shamba lililo karibu nacho zaidi, na ukaribu huo unapimwa kwa mistari na duara. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake inayovutia kuliko zote, maana hakuogopa kutoka kwenye maandishi na kwenda kwenye matope.

Alizaliwa mwaka 1313 au 1314 huko Venatura, kijiji cha jirani na Sassoferrato. Alianza sheria Perugia akiwa kijana mdogo, chini ya Cino da Pistoia, mwanasheria aliyekuwa pia mshairi, akapata udaktari Bologna mwaka 1334. Alifundisha Pisa, kisha Perugia, ambako mwanafunzi wake Baldo degli Ubaldi alikuja kuwa maarufu karibu sawa naye. Alifariki Julai 1357, kabla ya kufikisha miaka 45. Wingi wa maandishi aliyoyaacha kwa umri huo unashangaza.

Miji ya Italia ya wakati ule ilijitungia sheria zake, huku Kaisari aliyekuwa Ujerumani akidai kuwa mkubwa wa wote. Bartolo aliona kwamba mji usiomtambua mkubwa yeyote juu yake ni mfalme wa nafsi yake. Aliandika pia juu ya madhalimu, akiwatenga walioingia madarakani bila haki na wale wenye haki wanaotawala vibaya.

Swali lake la mirathi lilimletea kejeli. Mila ya Uingereza ilimpa kifungua mimba wa kiume urithi wote. Mtu akifa ameacha mali Uingereza na Italia, itakuwaje? Bartolo alisema tuangalie mila ilivyotamkwa. Ikitaja mali kwanza, inashika kila mali iliyoko Uingereza, hata ya mgeni. Ikimtaja mrithi kwanza, mgeni haimgusi. Mali iliyoko Italia iligawanywa kwa sheria ya kawaida, yaani ile ya Kirumi, kwa vyovyote. Wanasheria wa baadaye walimcheka: haki ya mtu inategemeaje neno lililotangulia? Walikuwa na hoja, ila swali lenyewe, kama sheria hufuata mtu au mali, bado liko mezani kwa hakimu kila mirathi inapovuka mpaka.

Licha ya kejeli hizo, Ureno iliyapa maoni yake nguvu ya sheria. Sheria zake za kifalme za karne ya 15 na ya 16 ziliagiza kwamba suala lisipopata jibu kwingine, maoni ya Bartolo yafuatwe. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, sheria hizo ndizo zilizokuwa zikitumika katika ufalme wao.