Moyo wa rubani ukisimama angani: maswali kuhusu mashine ya kushtua moyo kwenye ndege za mizigo

Difibrileta ni kitu gani hasa?

Ni mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Inayozungumziwa hapa ni ile ndogo inayojiendesha, maarufu kwa herufi AED, ambayo unaibeba kwa mkono mmoja. Ukiiwasha inakuelekeza kwa sauti: mvue nguo kifuani, bandika pedi mbili, usimguse. Kisha inasoma mapigo yenyewe. Isipoona sababu ya kupiga umeme haitapiga hata ukibonyeza kitufe, kwa hiyo asiye daktari hahitaji kuogopa kwamba atamuua mtu ambaye moyo wake ni mzima.

Kwa hiyo inauwasha moyo uliozimika?

Hapana, na hapa filamu zimetupotosha sana. Moyo unaosaidiwa na umeme haujatulia, unatetemeka ovyo. Kila uzi wa msuli unacheza ngoma yake, na damu haisukumwi; ndiyo maana watu husema moyo umesimama. Umeme unanyamazisha vurugu hiyo ili mapigo ya asili yapate nafasi ya kuanza upya. Moyo uliotulia tuli hautibiwi kwa umeme. Huo unahitaji kukandamizwa kifua na dawa.

Tusichanganye pia na shambulio la moyo, ambapo mshipa umeziba lakini mgonjwa bado anaongea, anatoka jasho, anashika kifua. Huyo hapigwi umeme, ingawa anaweza kuzimika wakati wowote, kwa hiyo mashine iwe karibu naye.

Kuna haraka kiasi gani?

Kila dakika inayopita bila umeme inapunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Sasa fikiria ndege iliyoondoka Anchorage, Alaska, kituo kikubwa cha mizigo, kuelekea Asia. Iko katikati ya Pasifiki na uwanja wa karibu uko mbali kwa saa nzima au zaidi. Hata kama uwanja unaonekana dirishani, kushuka kutoka futi 35,000 hadi magurudumu yaguse ardhi si kazi ya dakika 5.

Sheria haizilazimishi ndege hizo kuwa nayo?

Nchini Marekani, mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, ilitoa kanuni mwaka 2001, na mashirika yakapewa hadi Aprili 2004 kuitimiza. Lakini soma maneno yake: inahusu ndege za abiria zinazotakiwa kuwa na mhudumu, zenye uwezo wa kubeba mzigo wa zaidi ya pauni 7,500, yaani kama kilo 3,400. Ndege ya mizigo haina abiria wala mhudumu, basi ikabaki nje ya kanuni. Kwa maoni yangu walihesabu viti, hawakuhesabu mioyo.

Faida yake haikuwa siri. American Airlines walianza kuzibeba mwaka 1997, na taarifa ya miaka yao ya mwanzo ilionyesha kuwa asilimia 40 ya waliopigwa umeme walitoka hospitali wakiwa hai. Kwa moyo uliosimama nje ya hospitali, hayo ni matokeo mazuri mno.

Lakini wapo marubani wawili tu. Nani atamhudumia mgonjwa?

Hili ndilo swali gumu, na wanaopinga mashine hizi wana hoja. Mmoja akizimika, wa pili ana kazi moja kwanza: kuishika ndege. Anahakikisha mwenzake hajaegemea usukani, anamfunga mkanda wa mabega, anakisogeza nyuma kiti cha huyo mwenzake, anaita Mayday, yaani wito wa dharura kwa redio, na kutafuta pa kutua. Kumtoa mtu mzima kwenye kiti cha chumba kile chembamba, peke yako, huku unarusha ndege, sikushauri.

Ila safari ndefu za mizigo mara nyingi hazina watu wawili tu. Huwa na marubani 3 au 4 wanaopokezana, pengine na fundi, msimamizi wa mizigo, au watunza farasi kama mzigo ni farasi. Hapo mikono ipo. Na mgonjwa anaweza kuwa yule aliyelala kitandani nyuma. Mwenzake akisikia anakoroma kwa kukatakata huku haamki, asidhani ni usingizi. Mara nyingi hiyo ndiyo sauti ya moyo uliosimama. Aanze kukandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine akilete kisanduku cha mashine.

Je, mtikisiko, sakafu ya chuma na oksijeni si hatari?

Mtikisiko unaweza kuivuruga mashine inaposoma mapigo, basi mgonjwa asiguswe wakati huo. Sakafu ya chuma haina neno iwapo pedi zimeshika vizuri, kifua kimefutwa jasho na hakuna anayemgusa. Oksijeni ndiyo ya kuogopa: barakoa inayotoa hewa iondolewe, iwekwe mita 1 au zaidi kutoka kifuani kabla ya umeme, kwa sababu cheche ikikutana nayo huleta moto.

Marubani si hupimwa afya?

Hupimwa. Kwa kanuni za kimataifa cheti chao hudumu miezi 12, na rubani wa biashara aliyevuka miaka 60 hupimwa kila miezi 6. Kipimo cha umeme wa moyo kimo. Lakini kinaonyesha moyo wa siku ile, na mshipa wenye utando wa mafuta unaweza kupita bila kuonekana.

Nafanya kazi ya kupakia mizigo uwanjani. Hili linanihusu?

Sana. Mizigo mizito, joto na zamu za usiku viko ardhini pia, na hapo mikono haikosekani. Muulize msimamizi wa zamu mambo matatu: mashine iliyo karibu iko wapi, taa yake ya utayari inaonyesha nini, na pedi zake zinaisha muda lini. Pedi zilizokauka hazishiki ngozi.