Je, wajua? Bwawa linalonuka klorini sana mara nyingi ndo lenye klorini pungufu

Swali lenyewe ni hili: ile harufu kali ya bwawa la kuogelea, ile inayokupiga puani kabla hata hujavua viatu na ukitoka kwenye maji macho yanawasha, inatoka wapi? Jibu ambalo karibu kila mtu analo kichwani ni kwamba dawa imezidi. Nami niliamini hivohivo miaka yote, nikaja na imani hiyo mpaka nilipopata bwawa langu la nyuma ya nyumba, na ikanifanya nifanye kinyume kabisa na kilichotakiwa.

Ilikuwa hivi. Bwawa jipya, mita 10 kwa 4, kina cha wastani mita 1.25, yaani lita 50,000. Wiki za kwanza maji masafi, hayana harufu yoyote, mpaka nikawa najiuliza kama dawa inafanya kazi kweli. Alafu Jumapili moja wakaja watoto wa ndugu na wa marafiki, kumi na kitu, wakaogelea toka saa tano asubuhi mpaka jua linazama. Jumatatu nafunua turubai la bwawa, harufu ikanijia usoni kama mtu kafungua chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nikasema basi, hapa nimezidisha klorini, ngoja niiache ipungue yenyewe. Siku tano sikuweka hata punje. Harufu haikupungua, ikazidi, na siku ya tano ngazi ya bwawa ikawa inateleza, ukipitisha kidole kinarudi na utando wa kijani.

Sasa hapo ndo hesabu ilipokataa. Kama klorini ni nyingi hivo, mwani unaotaje?

Kumbe klorini yenyewe, ikiwa kwenye maji kwa kiwango cha kawaida cha bwawa, karibu hainuki. Kiwango chenyewe ni kidogo mno, miligramu 1 mpaka 3 kwa lita, kwa bwawa la lita 50,000 hiyo ni gramu 50 mpaka 150 tu za klorini katika maji yote yale. Kinachonuka ni kitu kingine kinaitwa kloramini, na kloramini inazaliwa pale klorini inapokutana na vitu vyenye naitrojeni vilivyotoka kwenye miili yetu, jasho na mkojo hasa, yaani urea na amonia. Kwaiyo pua yako ikishika ile harufu haisikii dawa, inasikia dawa ambayo tayari imeshatumika kwenye uchafu.

Kloramini zipo za aina tatu, na mbaya kuliko zote ni trikloramini, maana haipendi kukaa kwenye maji, inapanda juu na kuelea pale juujuu ya uso wa maji, palepale ambapo pua na mdomo wa muogeleaji vinapita. Ndo maana mabwawa ya ndani ya jengo yananuka kuliko ya nje, hewa haina pa kwenda, na ndo maana langu lilinuka vile nilipofunua turubai, lilikuwa limefunika gesi usiku kucha. Macho mekundu na kukohoa nako sehemu kubwa ni kazi ya hizohizo kloramini.

Na tusijidanganye kuhusu mkojo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta huko Kanada walitafuta njia ya kuupima, wakatumia kitu cha ajabu kweli, ile sukari ya kutengeneza inayowekwa kwenye soda zisizo na sukari, kwa sababu mwili hauisagi, inaingia na kutoka vilevile ilivyo, kwaiyo ukiikuta kwenye bwawa unajua imepitia wapi. Kwenye bwawa moja la umma la lita 830,000 walikadiria kuna kama lita 75 za mkojo. (Ile hadithi ya kwamba kuna dawa inayobadilisha rangi ya maji mtu akikojoa, tuliyotishiwa nayo wote utotoni, haipo.)

Turudi kwenye klorini sasa, maana hapa ndo penye utamu. Chukua beseni la kuoshea vyombo. Umeweka maji, umeweka sabuni, povu limejaa. Ingiza sufuria lenye mafuta. Povu linakatika. Je, sabuni imetoka kwenye beseni? Hapana, imo humohumo, ila yote imeshashika mafuta, haina nafasi tena, na maji yamekuwa mazito yana harufu ya mchanganyiko wa sabuni na mafuta. Mtu akinusa pale akasema "hii harufu ya sabuni imezidi, tusiongeze", vyombo vyote vinavyofuata vitatoka na mafuta. Anayeosha vyombo kila siku hanusi, anaangalia povu. Povu likikaa, sabuni iliyo huru ipo, likikatika, imekwisha hata kama chupa nzima imo ndani.

Kwenye bwawa lile povu ndo wanaita klorini huru, ile ambayo haijashika kitu na inaweza kuua bakteria na mwani. Ile iliyoshikana na uchafu ni klorini iliyofungwa, ndo kloramini zetu. Zikijumlishwa mbili hizo unapata klorini jumla. Mimi nilikuwa nimenunua kile kipimo cha matone kinachogeuza maji kuwa njano, na kasoro yake ni kwamba kinapima jumla peke yake, hakitofautishi iliyo huru na iliyofungwa, yaani ni sawa na kupima sabuni yote iliyomo kwenye beseni bila kuangalia povu. Kipimo kinachofaa ni kile cha DPD (ni jina la kemikali yake) kinachotoa rangi ya waridi, unasoma klorini huru kwanza, unaongeza kidonge cha pili unasoma jumla, unatoa moja kwa nyingine. Nilipokipata hicho nikasoma, kwa miligramu kwa lita: huru 0.2, jumla 1.0. Maana yake 0.8 yote ilikuwa kloramini, na kwa kawaida inatakiwa isipite 0.4, ikiwezekana iwe chini ya 0.2. Maji yananuka dawa, na dawa hakuna.

(DPD nayo ina tabia ya kushangaza, klorini ikiwa nyingi kupita kiasi inaibabua ile rangi, waridi inatokea sekunde moja na kupotea, unaona maji meupe unadhani klorini ni sifuri kumbe imejaa. Ukishuku hivo changanya sampuli yako nusu kwa nusu na maji yasiyo na klorini, upime tena, alafu zidisha mara mbili.)

Sasa dawa yake ni ipi? Kuongeza klorini, na sio kidogo. Hapa ndo watu wengi waliokaribia ukweli wanakwama, kwa sababu njia yenyewe ni kama kuvuka kilima. Ukianza kuongeza klorini kwenye maji yenye amonia, mwanzoni kloramini zinaongezeka, unapanda kilima, harufu inazidi. Ukiongeza zaidi unafika kileleni, kisha klorini mpya inaanza kuzivunja kloramini zilezile, naitrojeni inatoka kama gesi ya kawaida tu ile iliyojaa hewani, na kipimo kinashuka. Ukifika chini upande wa pili, kila punje unayoongeza inabaki kuwa klorini huru. Mtu anayeweka kijiko leo, nusu kijiko kesho, anapanda kilima na kurudi, anapanda na kurudi, na kila siku anasema dawa ndo inaleta harufu. Kwa upande aliopo yuko sahihi kabisa, ila alisimama katikati ya mpando.

Kiasi cha kuongeza kinachotumika sana ni mara 10 ya klorini iliyofungwa. Kwangu 0.8 mara 10 ni 8, miligramu 8 kwa kila lita kati ya lita 50,000 ni gramu 400 za klorini, na kwa kuwa chengachenga zangu za kalsiamu haipokloraiti zina klorini asilimia 65, ikawa kama gramu 615. Lakini hiyo mara 10 tusiichukue kama msahafu. Imetokana na hesabu ya amonia, na kinachotoka zaidi mwilini mwa muogeleaji ni urea, ambayo inachukua muda mrefu zaidi kumalizana na klorini, kwaiyo kilima chako kinaweza kisiwe na umbo zuri kama la kwenye mchoro na unaweza kulazimika kurudia. Wenye bwawa lenye asidi ya sianuriki, ile inayokinga klorini isiliwe na jua, nao hesabu yao inabadilika, kwa sababu hiyo asidi inaishikilia klorini na kuiachia kidogokidogo. Bila kinga hiyo jua kali la mchana linaweza kumaliza sehemu kubwa ya klorini kwa masaa mawili tu, na ndo sababu kazi hii inafanywa jioni.

Pima pH kabla, ile namba inayoonyesha maji yana asidi kiasi gani. Kwenye pH 7.5 kama nusu ya klorini huru inakuwa katika umbo lile lenye nguvu ya kuua, ikifika 8 inabaki robo hivi. Nilishusha yangu mpaka 7.3 kwanza.

Jinsi ya kuweka: dawa inaingia kwenye maji, kamwe maji yasiingie kwenye dawa. Nilichota ndoo ya maji ya bwawa, nikamimina chengachenga humo kidogokidogo, nikamwaga nikizunguka bwawa huku pampu inatembea. Usichanganye aina mbili za klorini hata kwa kushea kijiko, zinaweza kuwaka moto, na asidi ya kushushia pH ikikutana na klorini kavu inatoa gesi ya sumu. Turubai liache wazi, gesi itoke.

Jambo linalofanana na hili lilionekana dunia nzima Agosti 2016 kwenye Olimpiki ya Rio, bwawa la kupigia mbizi lilipogeuka kijani ndani ya siku moja. Waandaaji walieleza kwamba lita 80 za haidrojeni peroksaidi zilimwagwa humo kimakosa, na hiyo kitu inaifuta klorini. Mashine zao za kupimia zilikuwa bado zinaonyesha klorini ipo, ila nguvu ya kuua haikuwepo tena, mwani ukapata nafasi.

Na wenye mabwawa ya chumvi msijione mmeepuka hili somo, ile mashine yenu inatengeneza klorini hiyohiyo kutoka kwenye chumvi, na kloramini zinazaliwa vilevile. Kinachopunguza kweli ni kuoga kabla ya kuingia, dakika moja tu chini ya bomba inatoa sehemu kubwa ya jasho na mafuta, na watoto kupelekwa chooni kila baada ya muda.

Asubuhi ya pili nilisoma huru 5.2, jumla 5.4. Nilisugua ngazi kwa brashi, nikaosha filta, nikasubiri siku mbili nyingine klorini ishuke mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kopo kabla ya kuruhusu mtu kuingia. Kabla ya hapo nilipiga magoti pembeni, nikainamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa maji, nikavuta pumzi. Nilichosikia ni harufu ya turubai lililolowa.