Bia ya Waingereza si ya moto, na msiniombe barafu

Juzi mgeni kutoka nyumbani aliketi kwenye kaunta yetu huku Yorkshire Dales, kaskazini mwa Uingereza, akapiga funda moja la bita ya mji wa Masham, aina ya eli, bia ya asili ya Kiingereza, akairudisha glasi mbele yangu. "Kaka, mbona ya moto? Nitilie barafu." Mara ya ngapi hii mwaka huu? Nimeacha kuhesabu. Mtunza mapipa ni mimi, kwa hiyo nisikilizeni.

Eti Waingereza wanakunywa bia ya moto. Kwenye baa za kwetu mhudumu anauliza, "ya moto au baridi?", na ya moto ni ile iliyoshinda kwenye kreti, nyuzi 25 na ushee. Niliyommiminia huyu ndugu ilitoka sela, chini ya sakafu, ambako kipimajoto changu huwa kati ya nyuzi 11 na 13, kiangazi na masika. Maji ya mtungi hayafiki huko! Shida ni ulimi uliozoea laga ya friji ya nyuzi 3 au 4. Eli ikipoozwa namna hiyo, harufu ya hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, inajificha, utamu wa kimea unapotea, na bia yenyewe inaweza kupoteza ung'avu wake. Halafu barafu ikiyeyuka ni nini kama si maji?

Tena bia hii iko hai. Haikuchujwa wala kuchemshwa kiwandani ili hamira ife. Inaingia pipani na hamira yake, inaendelea kuchacha humo humo, na gesi yake inajitengenezea yenyewe. Pipa letu la kawaida ni la galoni 9, yaani painti 72, na painti moja ni mililita 568. Likifika nalilaza kwenye stendi, nagonga kigingi laini juu yake, gesi iliyozidi ipumue. Siku ya kwanza povu linafoka pale kwenye kigingi, nafuta, linarudi, nafuta tena. Likitulia naweka kigingi kigumu ili gesi iliyobaki isikimbie, hamira inashuka chini, ndipo nauza. Likishaanza kuuzwa nina siku 3 tu, kwa sababu kila painti ninayovuta hewa inaingia kushika nafasi yake, na hewa ndiyo inayoipeleka bia kwenye siki. Watu wa Pwani hawanisumbui hapa. Wanajua mnazi wa asubuhi si wa jioni.

Kwa hiyo na wewe unayesema "haina gesi": inayo, kiasi chake. Wanywaji walioanzisha CAMRA, chama cha kutetea bia hai ya pipa, mwaka 1971 walikuwa wanaipigania hiyo hiyo, baada ya kuchoshwa na bia zilizochujwa na kusukumwa kwa gesi ya mtungi.

Nyeusi ndiyo kali? Rangi inatokana na kimea kilichokaangwa sana, basi. Maildi, eli zisizo chungu sana, nyingi ni nyeusi na kilevi chake hakifiki asilimia 4, wakati Tusker yako ya dhahabu ni 4.2. Ila Old Peculier ya kiwanda cha Theakston, nyeusi na 5.6, hiyo nenda nayo taratibu. Soma namba kwenye kibao cha pampu, usisome rangi.

Povu nene si kupunjwa. Kaskazini tunafunga kifuniko chenye vitundu kwenye mdomo wa pampu, ndicho kinacholeta povu hilo. Kusini wengi hawakitaki. Na tafadhali, usikae mezani nusu saa ukimngoja mhudumu. Hamna anayekuja. Njoo kaunta.

La mwisho, kwamba kuomba kuonja ni ushamba. Mshamba ni anayenunua painti nzima kisha anaiacha. Omba funda la kuonjea. Baa nyingi zenye pampu za mkono zinakupa bure. Ama agiza theluthi tatu za painti, glasi tatu ndogo, uanze na nyepesi umalizie na nzito. Na krispi za siki zikae mbali mpaka umalize! Huo ugomvi sitauacha: zinaua ulimi, kisha lawama zinakuja kwa pipa langu.

Yule ndugu barafu nilimpa, lakini kwenye glasi ya pembeni. Ilipoyeyuka yote, bita ilikuwa imeshaisha na anauliza ile ya pampu ya pili inaitwaje.