Hitimisho la insha ya uchambuzi lijibu swali gani?

Sisi tunaosahihisha insha za wanafunzi tunaijua aya hii kwa moyo: "Kwa kuhitimisha, insha hii imejadili sababu tatu..." Kisha sababu zote tatu zinatajwa upya, kwa mpangilio uleule na karibu kwa maneno yaleyale. Msomaji ametoka kuzisoma sasa hivi. Hajazisahau.

Mchukulie msomaji kama mtu aliyekaa mbele yako, akakusikiliza mpaka ukamaliza hoja zako, halafu akauliza: "Enhe, kwa hiyo?" Utakalomjibu ndilo hitimisho.

Tuseme insha inachambua kwa nini mauaji ya Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, yaliyotokea Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, yalizaa vita vya mataifa makubwa. Aya za katikati zimeeleza mikataba ya kijeshi, mashindano ya silaha na ratiba za kukusanya majeshi. Hitimisho dhaifu litayaorodhesha hayo matatu na kukomea hapo. Lenye uzito litaonyesha yalivyoshikana: "Mikataba ilichangia kuamua nani angeingia vitani. Mashindano ya silaha yalifanya kila upande uogope kuchelewa, na ratiba zikawapunguzia viongozi siku za kuzungumza. Ndiyo maana vita ambavyo Austria-Hungaria iliitangazia Serbia tarehe 28 Julai vilikuwa vimeifikia Uingereza tarehe 4 Agosti."

Tarehe hizo mbili ziwe zimeshatajwa katikati ya insha, maana ushahidi mpya hauna nafasi katika aya ya mwisho. Ukipata hoja nzuri wakati unamalizia, irudishe juu na uipe aya yake. Kilicho kipya katika mfano huu ni uhusiano kati ya mambo ambayo msomaji alikuwa ameyaona moja moja.

Angalia pia usivuke mipaka ya ulichochambua. Umechunguza vita vimoja, usitoe hukumu juu ya vita vyote tangu dunia iumbwe. Na kosa la upande wa pili, ambalo mimi huniudhi zaidi, ni kuomba radhi: "haya ni maoni yangu tu." Kama umeleta ushahidi, simama nao. Ukitaka kutaja udhaifu wa hoja, utaje wenyewe, kwa mfano kwamba umetazama maamuzi ya viongozi bila kugusa hisia za raia.

Maneno "kwa kuhitimisha" hayana dhambi, ila hayasaidii sana. Nafasi ya aya inatosha kumwambia msomaji kwamba mwisho umefika.

Mara nyingi mwandishi hugundua anachotaka kusema akiwa kwenye aya hii ya mwisho, na hitimisho likatoka kali kuliko utangulizi. Hapo usilipunguze makali. Rudi mwanzo, uiandike upya hoja kuu ilingane nalo, kisha pitia aya za katikati uone zipi bado zina kazi.