Yale maji kwenye mapafu ya mbuzi, usimtupie mbwa

Idi ya kuchinja ikipita, huwa najua kinachofuata. Hazipiti siku nne, mtu anaingia dukani kwangu hapa Lindi mjini kununua dawa ya kuku au ya mbuzi, na katika kupiga soga ananiambia: "Daktari, yule mbuzi alikuwa mzima kabisa, ila mapafu yalikuwa na vifuko vya maji. Sisi hatukuyala. Tukampa mbwa."

Anasema hivyo kwa utulivu, kama mtu aliyefanya jambo la busara. Safari hii nimeambiwa maneno hayo hayo mara tatu ndani ya juma moja. Wa tatu alikuwa mzee mmoja anayeheshimika sana mtaani, ana mbwa wawili shambani wa kufukuza nguruwe pori kwenye mihogo. Nikamwuliza, "Sasa mzee wangu, kisichomfaa mtu kwa nini kimfae mbwa?" Akacheka. "Tumbo la mbwa ni tanuri, daktari. Haliachi kitu."

Nimechoka na hilo tanuri.

Ni kweli mbwa ana asidi kali tumboni, mfupa unalainika humo. Lakini kile kifuko ni cha mnyoo aitwaye tegu, na kinangoja tumbo hilo hilo. Kijana mmoja wa machinjioni alinibishia sana, basi tukachukua pafu lililokataliwa, tukapasua kifuko kimoja na kumimina maji yake kwenye gilasi. Maji yalikuwa maangavu kama ya kunywa. Ndani ya kifuko mlibaki ngozi nyeupe, laini, inayoteleza, mfano wa ute wa yai lililochemshwa nusunusu. Tulipoinua gilasi kwenye mwanga, chini palikuwa na chembechembe kama mchanga mweupe. Huo mchanga ndio vichwa vya tegu, na kifuko kimoja kinaweza kubeba maelfu. Vikifika kwa mbwa, asidi ya tumbo na nyongo ndizo zinazoviamsha. Vinachomoza, vinajishikiza kwenye utumbo mwembamba na kila kimoja kinakuwa tegu kamili. Tanuri linalosifiwa ndilo linalowapikia chai.

Tegu huyu ni mdogo mno, hazidi milimita 7, kwa hiyo usitarajie kumwona kwenye kinyesi. Mbwa naye haumwi. Anakula, anabweka, manyoya yanang'aa, na baada ya wiki 6 au 7 anaanza kutoa mayai ambayo hayaonekani kwa macho. Mayai yanabaki kwenye kinyesi, kwenye mchicha, kwenye manyoya yake anapojilamba. Mtoto anamkumbatia mbwa, kisha anashika andazi. Kwa mtu yai halizai tegu wa utumbo, linazaa kifuko kilekile cha maji, mara nyingi kwenye ini, pengine kwenye mapafu. Kinakua polepole kwa miaka. Siku mtu anapopigwa picha ya tumbo kwa sababu ya maumivu asiyoyaelewa, yule mbwa alishakufa zamani na hakuna anayekumbuka Idi ya mwaka gani.

Nalisemea hili hapa kwetu kwa sababu mambo yamebadilika. Zamani Lindi haikuwa nchi ya ng'ombe. Tangu wafugaji walipohamishwa kutoka Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi wakaingia Kilwa, Nachingwea na Liwale, mifugo imeongezeka na mbwa wa kuchunga wameongezeka nayo. Sisemi wafugaji ndio walioleta ugonjwa, na atakayenisikia hivyo atakuwa kasikia vibaya. Ninachosema ni kwamba ng'ombe, mbuzi na mbwa sasa wanalala boma moja, na mnyama anayechinjwa nyuma ya nyumba hapiti mbele ya mkaguzi wa nyama. Hata pale mkaguzi alipo, nimeona kwa macho yangu pafu likikatwa likatupwa nje ya ukuta, mbwa wako pale wanangoja kama abiria stendi.

Kuna na kifuko kingine, kile kinachoning'inia kwenye mafuta ya tumbo la mbuzi, chembamba, kina shingo na doa moja jeupe ndani. Hicho kinampa mbwa tegu wa aina nyingine, mrefu, asiye na madhara kwa watu. Lakini usijifanye mkaguzi jikoni kwako ukaanza kutenganisha kipi ni kipi. Vyote ni vya kuchoma au kuzika, na shimo liwe refu. Mbwa anafukua kuliko unavyodhani.

Kama lazima mbwa ale maini, mapafu na matumbo, na najua nyama ni ghali, basi chemsha. Nyumba yangu ina sufuria lililotoboka mpini ambalo kazi yake ni moja tu, chakula cha mbwa, na kila mteja namshauri awe nalo. Kata vipande vidogo, maji yakishachemka hesabu nusu saa na zaidi kidogo, mpaka katikati pasiwe na wekundu. Changanya na ugali. Mbwa aliyezoea vibichi atasusa siku moja, ya pili atakula.

Maneno mengine ya mtaani kuhusu minyoo ya mbwa niyapitie haraka, maana hayanipandishi presha kiasi hicho.

"Sukari inaleta minyoo." Haileti. Minyoo inatoka kwa yai au kiluwiluwi cha minyoo. Mpe mbwa chai ya sukari, utamharibu meno tu.

"Anaburuta makalio, ana minyoo." Mara nyingi ni vile vifuko viwili vya harufu karibu na mkundu vimejaa. Mlete tuvikamue. Kaa upande wa juu wa upepo.

"Bado ananyonya, dawa ya nini?" Hapa nakasirika kidogo. Mtoto wa mbwa anazaliwa na minyoo mviringo aliyoipata tumboni mwa mama yake, na safura anaipata kwenye maziwa. Tumbo kama ngoma si shibe hiyo. Anza dawa akiwa na wiki 2, rudia kila baada ya wiki 2 mpaka afikishe wiki 8, na mama naye apewe. Safura ya mbwa ndiyo hiyo hiyo inayowachora watoto mistari inayowasha miguuni wakicheza peku kwenye mchanga mbwa anapojisaidia.

"Dawa yako mbovu, punje za mchele zimerudi." Hazikurudi, zimekuja mpya. Punje hizo ni vipande vya tegu wa aina nyingine, anayebebwa na viroboto. Mbwa anajing'ata, anameza kiroboto. Choma lile gunia analolalia.

Mnaosema mbegu za papai ni dawa ya minyoo, zileni nyie. Majani anayokula mbwa asubuhi si dawa, ni majani tu.

Na zile dawa za shuleni. Albendazo anayopewa mtoto haimwondoi yule tegu wa vifuko vya maji, na kwa mbwa ikizidi inavuruga uboho unaotengeneza damu. Prazikwanteli, ndiyo, inamuua, lakini kidonge kile cha kichocho kina miligramu 600 na mbwa anahitaji miligramu 5 kwa kila kilo. Utakigawa kwa wembe mara ngapi? Njoo uchukue ya mbwa. Kwa mbwa anayezunguka machinjioni au boma la mifugo, natoa kila wiki 6, kabla tegu hajafika umri wa kutoa mayai.

Yule mzee alirudi juzi kuchukua ya mbwa wake wawili. Nikamwuliza uzito. Akatoa karatasi: kilo 14 na kilo 17. Aliwatia kwenye gunia mmoja mmoja, akawapima kwenye mizani ya korosho ya jirani. Yule wa kilo 17, anasema, gunia limebaki vipande.