Mita 12 za barabara ya moto, na kuni chini ya dirisha

Julai ikiingia huku Mufindi, simu zinaanza. "Bwana miti, mimi nimeshajikinga. Nimelima barabara ya moto mita 12 kuzunguka kiwanja chote." Hongera. Ukienda unakuta kweli, udongo mwekundu mtupu, hata panzi hana pa kujificha. Unasogea kwenye nyumba yenyewe: kuni zimepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha, gata limejaa majani makavu ya misindano, na nyuma ya jiko kuna rundo la matawi yaliyopogolewa mwaka juzi. Ukiliangalia sana unaambiwa, "Hayo mama anawashia moto." Najua. Ndiyo maana nayaangalia.

Barabara ya moto siibezi. Inaukata moto wa chini unaotembea na nyasi, na inawapa watu pa kusimama wakiwa na matawi mabichi na ndoo zao. Shamba la miti lisilo nayo ni la kulilia mapema. Lakini Oktoba, saa nane mchana, upepo umekaza, moto hauji kwa miguu. Magome ya milingoti yanabanduka yakiwaka na kupeperuka mamia ya mita, na barabara yako itazizuia cheche hizo kama mtaro unavyomzuia kunguru.

Hili si wazo langu. Jack Cohen, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alishiriki majaribio kaskazini mwa Kanada miaka ya 1990, ambako msitu wa misindano ulichomwa makusudi huku kuta za mbao zikiwa zimesimamishwa jirani. Zilizokuwa mita 10 kutoka msituni, baadhi ziliwaka. Za mita 20 na 30 hazikuwaka. Mbao, jamani, si tofali la kuchoma. Kwa hiyo joto la msitu lina mwisho wake, tena wa karibu kuliko tunavyodhani. Mbona basi nyumba za mbali zinateketea? Angalia picha za Paradise, California, baada ya moto wa Novemba 2018 ulioua watu 85: mitaa mizima ni majivu, na misindano imesimama katikati yake, mingine bado ya kijani. Nyumba nyingi ziliwashwa na cheche au na nyumba ya jirani, halafu zikaungua zenyewe.

Sasa njoo kwako. Paa la bati unaliona salama, na bati lenyewe haliwaki. Inama chini ya upenu uangalie pale bati linapokaa juu ya ukuta: kila wimbi la bati limeacha uwazi, na ndani ya uwazi ndege wamejaza nyasi kavu, zimegusa kenchi. Cheche moja inatosha. Ziba kwa saruji, au kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 3. Paa la nyasi sina la kukudanganya, ukipata bati, ezeka bati.

Kisha mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani. Hapo pasiwe na kitu kinachoweza kuwaka, chochote. Bibi zetu waliofagia uwanja mpaka udongo ukang'aa walikuwa wameshamaliza kazi hii bila semina. Tulioharibu ni sisi, tuliokwenda mjini tukarudi na maua ya kubanana na ukuta na matandazo ya maganda ya mbao.

Kinachoniudhi zaidi ni yule anayesikia haya akafyeka kila mti ndani ya mita 30. Kwa nini? Ukiondoa kivuli chote jua linafika chini, na mwaka wa pili una nyasi za kiunoni. Nyasi zilizokufa zinahitaji saa chache tu za jua na upepo ziwe tayari kuwaka, gogo linahitaji wiki nyingi. Lahaina, Hawaii, Agosti 2023, moto ulipita kwenye mashamba ya miwa yaliyoachwa yakajaa nyasi, na baadhi ya nyasi hizo zilitoka huku kwetu Afrika. Bakiza miti michache, vilele visigusane, pogolea mpaka mita 2 au 3 ili moto wa chini usipate ngazi, nyasi zikae fupi. Na matawi uliyopogolea yaondoe! Kuyaacha chini ya mti ni kuushusha moto kutoka juu na kumwekea mti miguuni.

Mteremkoni, safisha zaidi upande wa chini: kila nyuzi 10 za mwinuko huongeza kasi ya moto unaopanda karibu mara mbili.

Migomba? Vitabu vinasifu ukanda wa kijani, yaani safu ya mimea yenye maji ya kuuzuia moto, ila imani yangu hapo ni ndogo. Shina lina maji, sawa, lakini nani anayatoa majani makavu yanayoning'inia? Mgomba usiohudumiwa Septemba ni mwenge. Ukiwa na mtu wa kuuhudumia, panda.

Kigumu kweli ni miti ya jirani iliyofika mpakani, maana ile ni ada za watoto wake na siwezi kumwambia aikate. Mwombe apogolee safu tatu za mwisho, mgawane kazi ya kubeba matawi, na mwenyekiti wa kitongoji awepo. Mfanye hivyo Mei, nyasi zikiwa mbichi. Oktoba kila mtu anamtafuta aliyewasha.