Ufa Uliokoma Njiani: Miamba Iliyo Chini ya Bahari ya Kaskazini

Bahari ya Kaskazini, iliyo kati ya Uingereza na Norwei, si bahari ya kina kirefu. Kwa wastani haifiki mita 100. Lakini ukitoboa sakafu yake pale katikati, utapita kilomita kadhaa za mashapo, yaani mchanga na tope vilivyotuama, kabla ya kugusa mwamba wa msingi. Mashapo yote hayo yalipata wapi nafasi?

Katikati ya enzi ya Jurasiki, miaka milioni 170 hivi iliyopita, joto la chini kwa chini liliinua eneo hilo likavimba. Mito ilikwangua uvimbe ule, na upande wa kaskazini mchanga ukatandazwa kwenye delta kubwa. Baadaye ganda la dunia likavutwa huku na huku, likawa jembamba, likapasuka kwa matawi matatu. Vipande vya miamba viliinama na kuteremka kwenye mipasuko, bahari ikaingia.

Kisha, miaka kama milioni 140 iliyopita, kule kuvutwa kwa ganda kukafifia. Ulaya na Greenland zilikuja kuachana magharibi zaidi, na ufa huu ukabaki kiporo. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito wa historia hii. Ganda lililokuwa moto lilianza kupoa, na kadiri lilivyopoa ndivyo lilivyozidi kuwa zito na kuzama taratibu, likiendelea kupokea mashapo.

Wakati ufa ungali hai, maji ya chini kabisa yalikosa oksijeni. Mabaki ya viumbe vidogo yalizama kwenye tope bila kuoza yakaisha. Tope hilo leo ni mwamba mweusi unaopasuka kwa karatasi nyembamba, na kipande chake kibichi ukikivunja unaweza kunusa harufu ya mafuta. Lilipofukiwa kilomita tatu hivi na zaidi, joto lililipika. Mafuta yakapanda hadi kwenye mchanga wa ile delta ya zamani, ambako hazina ya mafuta ya Brent iligunduliwa mwaka 1971.

Hazina nyingine, Ekofisk, iliyogunduliwa mwaka 1969, ni tofauti: mafuta yake yamo kwenye chaki, mwamba uliofanywa na vigamba vya mwani visivyoonekana kwa macho. Chaki ile ina matundu mengi sana. Mafuta yalipotolewa, ilibonyea, sakafu ya bahari ikashuka nayo, na mwaka 1987 majukwaa ya chuma yalilazimika kuinuliwa mita 6.